Mzigo Uko Baharini, Ushuru Umebadilika: Mwongozo kwa Mwagizaji na Muuzaji wa Nje

Mwanzoni mwa Mei 2022 mawaziri wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Mombasa na kukubaliana kwamba ushuru wa pamoja wa forodha, ambao tangu 2005 ulikuwa na ngazi tatu (asilimia 0, 10 na 25), uongezewe ngazi ya nne ya asilimia 35. Samani, nguo, vigae, mafuta ya kula, bidhaa za ngozi na nyingine nyingi zinazotengenezwa ndani ya Jumuiya zilipandishwa huko. Utekelezaji ulianza tarehe 1 Julai mwaka huohuo. Kati ya makubaliano na utekelezaji zilipita kama wiki nane tu.

Sasa mfikirie mfanyabiashara wa Dar es Salaam aliyelipa malipo ya awali ya samani huko Foshan, China, mwezi Aprili. Kiwanda kinataka mwezi mmoja kuzitengeneza, na meli inataka mwezi mwingine au zaidi hadi bandarini. Alipoagiza, ushuru ulikuwa asilimia 25. Kontena liliposhushwa ulikuwa umefika 35. Hakukosea hesabu wala hakudanganywa na mtu. Sheria ya forodha ya Jumuiya inasema wazi kwamba kiwango kinachotozwa ni kile kilichopo wakati bidhaa zinapotamkwa forodhani kwa matumizi ya ndani. Siku uliyoagiza haihesabiki, wala siku uliyolipa, wala siku meli ilipong'oa nanga.

Mwongozo huu wote umesimama juu ya kanuni hiyo moja. Kati ya siku unayojifunga kwa bei na siku mzigo unapotoka forodhani kuna pengo la wiki au miezi, na pengo hilo lina mwenyewe. Usipoamua mapema nani analibeba, basi ni lako.

Hesabu yenyewe

Wengi hudhani ushuru ukipanda kwa pointi kumi, gharama nayo imepanda kwa kumi. Chukua kontena ambalo thamani yake pamoja na bima na nauli ni dola 30,000, na kwa sasa tuziweke kando tozo ndogondogo. Kwa asilimia 25, ushuru ni dola 7,500. VAT ya Tanzania ya asilimia 18 haitozwi kwenye 30,000 peke yake. Inatozwa kwenye thamani pamoja na ushuru, yaani 37,500, hivyo ni dola 6,750. Jumla ni 14,250.

Kwa asilimia 35, ushuru ni 10,500. VAT inakaa juu ya 40,500, nayo ni 7,290. Jumla 17,790. Tofauti ni dola 3,540, yaani karibu asilimia 12 ya thamani ya mzigo. Ukiwa umesajiliwa VAT utarejeshewa sehemu ya VAT baadaye, lakini mzigo hautatoka bandarini kwa ahadi ya baadaye. Fedha inatakiwa siku hiyo, na kila siku unayotafuta mkopo gharama za kuhifadhi kontena zinaongezeka.

Fanya hesabu hii kwa bidhaa yako kabla ya kuagiza, mara mbili: mara moja kwa kiwango cha leo, mara ya pili kwa ngazi inayofuata juu yake. Kama faida unayotarajia haifikii tofauti ya hesabu hizo mbili, hiyo ni biashara isiyostahimili tangazo moja la serikali. Pengine bado utaifanya, maana soko halingoji. Ila iwe kwa kujua, na kwa kiasi ambacho kikipotea duka litafunguliwa kesho yake.

Kalenda ya mabadiliko

Kuna mabadiliko yanayokuja kwa kalenda na kuna yanayoanguka usiku. Ya kalenda hayana kisingizio. Bajeti za nchi kadhaa za Jumuiya husomwa katikati ya Juni, mara nyingi siku moja. Kabla yake mawaziri wa fedha huwa wamekutana na kukubaliana viwango vya forodha, na mwishoni mwa Juni makubaliano hayo hutoka katika Gazeti la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarehe 1 Julai yanaanza kazi.

Gazeti hilo ni waraka mkavu wa majedwali, na ndiyo maana wachache husoma. Lakini humo ndimo utakuta jambo linalowapiga wengi: kila nchi huomba kuachana na ushuru wa pamoja kwa bidhaa fulani, na ruhusa hiyo kwa kawaida ni ya mwaka mmoja tu. Mchele ni mfano mzuri. Ushuru wa pamoja kwa mchele unaotoka nje ya Jumuiya ni asilimia 75 au dola 345 kwa tani, lolote lililo kubwa. Kenya, ambayo hailimi mchele wa kujitosheleza, imekuwa ikipewa ruhusa ya kutoza asilimia 35 au dola 200 kwa tani. Ngano vilevile: kwenye jedwali ni asilimia 35, lakini wasagaji wa nchi zetu kwa miaka mingi wamekuwa wakiingiza kwa asilimia 10 kwa ruhusa inayoombwa upya kila mwaka. Mtu akizoea kulipa kumi kwa miaka minane husahau kwamba kumi ni hisani yenye tarehe ya mwisho. Tafuta bidhaa yako. Je, kiwango unacholipa ndicho kiwango chake halisi, au ni nafuu ya mwaka? Kama ni nafuu, kila Aprili muulize wakala wako wa forodha kama nchi imeomba tena.

Kwa hiyo miezi ya Machi hadi Juni iwe miezi ya tahadhari. Bidhaa ambayo kuna kiwanda cha ndani kinachopiga kelele kulindwa, usiiagize kwa namna ya kufika wiki ya kwanza ya Julai. Ama iwahi kutamkwa kabla ya 30 Juni, ama isubiri hadi Gazeti litoke. Wapo wanaocheza upande wa pili: wakisikia ushuru utashuka, huweka mzigo kwenye ghala la forodha bila kulipa, wakisubiri Julai. Sheria inaruhusu. Mimi siupendi mchezo huo kwa mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo, kwa sababu kodi ya ghala ni ya hakika na punguzo ni la tetesi.

Wala usidhani Julai ikipita umesalimika. Kenya iliuondoa Muswada wa Fedha wa 2024 mwezi Juni baada ya maandamano, na waagizaji wengi wakashusha pumzi. Desemba mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria nyingine ya marekebisho ya kodi, na tozo ya maendeleo ya reli kwa bidhaa zinazoingizwa ikapanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2. Jambo lililokataliwa kwa kelele Juni linaweza kurudi kwa sauti ndogo watu wakiwa kwenye sikukuu.

Yanayoanguka usiku

Haya ndiyo mabaya, na mara nyingi hayatoki kwenye serikali yako. Tarehe 20 Julai 2023 India, muuzaji mkubwa kuliko wote wa mchele duniani, ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio wa basmati. Iliruhusu shehena ambazo tayari zilikuwa zimeanza kupakiwa, au ambazo nyaraka zake za forodha zilikuwa zimewasilishwa na meli iko gatini. Aliyekuwa na mkataba uliotiwa saini tu, hata akiwa na barua ya dhamana ya benki isiyoweza kufutwa, aliachwa nje. Marufuku ilidumu hadi Septemba 2024. Mwaka mmoja kabla, Indonesia ilizuia mauzo ya mafuta ya mawese tangu 28 Aprili 2022, ikafungua tena 23 Mei. Hazikufika wiki nne, lakini mwenye kiwanda cha sabuni au muuzaji wa mafuta ya kula anajua wiki hizo zilivyokuwa ndefu.

Somo la vitendo liko kwenye kipengele cha mpito. Karibu kila amri ya namna hii husema mizigo gani iliyokwisha kuanza safari itasamehewa, na kigezo huwa ni karatasi yenye tarehe: hati ya shehena, tamko la forodha, kumbukumbu ya kupakia. Amri ikitoka, kabla hujalalamika kwa mtu yeyote, isome kipengele hicho, kisha mpigie muuzaji simu akupe nakala za karatasi zinazokuhusu siku hiyohiyo. Mfanyabiashara anayepokea nyaraka zake zote kwa mkupuo, mzigo ukishafika, hana cha kuonyesha.

Na bidhaa ambayo dunia nzima inaipata kutoka nchi moja au mbili, hakikisha una muuzaji wa pili, hata kama bei yake imezidi kidogo na unanunua kwake mara moja kwa mwaka. Pakistan na Thailand nazo zinauza mchele. Mwenye uhusiano nao kabla ya Julai 2023 alipata mzigo. Aliyekwenda kubisha hodi Agosti aliikuta foleni na bei mpya.

Kwa anayeuza nje: chungulia shamba la mnunuzi

Wakulima wa mbaazi wa Lindi, Mtwara na Manyara hawakuhitaji kufundishwa maana ya sera ya biashara. Tarehe 5 Agosti 2017, mavuno yakiwa shambani, India iliweka mgawo wa tani 200,000 tu kwa mwaka kwa mbaazi zote zinazotoka nje. Nchi iliyokuwa inanunua karibu kila kitu ikafunga mlango, na bei kwetu ikaporomoka kiasi cha baadhi ya wakulima kuacha mazao yao shambani.

Lakini ukirudi nyuma, dalili zilikuwepo. India ilikuwa imetoka kwenye ukame, bei ya choroko, dengu na mbaazi ikapanda mno, serikali ikawahimiza wakulima wake walime, nao wakalima. Msimu wa 2016/17 walivuna kupita kiasi na bei ya ndani ikaanguka chini ya ile iliyoahidiwa na serikali yao. Serikali iliyo katika hali hiyo haiwezi kuachia meli za mbaazi kutoka Afrika ziendelee kushusha. Mtu aliyekuwa anafuatilia bei za soko la India tangu Januari 2017 angenunua kwa wakulima wa kwetu kwa woga. Msumbiji, iliyokuwa imetia saini makubaliano na India mwaka 2016, ilikuwa na kiasi chake kilichohakikishwa. Sisi hatukuwa nacho. Baadaye, tangu 2021, India iliufungua mlango tena kwa matangazo yenye tarehe ya mwisho, ikiyaongeza muda mara kwa mara. Ukinunua mbaazi, jua tarehe ya tangazo lililopo na ulinganishe na tarehe mzigo wako utakapofika Mumbai au Chennai.

Kwa ufupi, anayeuza nje anapaswa kuijua mvua ya mnunuzi wake na bei ya mkulima wa huko. Uchaguzi pia: serikali inayokaribia kura huwasikiliza wakulima wake kuliko balozi wako.

Miraa ya Meru ilipitia njia nyingine. Uholanzi iliipiga marufuku mwaka 2013. Uingereza ikatangaza katikati ya 2013 kwamba nayo itafanya hivyo, na marufuku ikaanza Juni 2014. Wafanyabiashara walikuwa na karibu mwaka mzima wa onyo, achilia mbali mfano wa Uholanzi. Wengi walitumia muda huo kuamini kwamba wanasiasa watalitatua. Soko lililobaki kubwa likawa Somalia, na Machi 2020 Somalia nayo ikafunga, hadi Julai 2022. Kwangu hili ni kosa kubwa kuliko la kutoliona onyo: biashara iliyopoteza soko moja kwa amri ya serikali ikaegemea yote kwenye soko jingine moja.

Marufuku inapogeuka kuwa sharti

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakapangana Namanga. Baada ya siku chache marufuku iliondolewa, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu kumi kwa bilioni. Hivi ndivyo marufuku nyingi za chakula zinavyokwisha. Hazifutwi. Zinageuka kuwa karatasi.

Aliyekuwa tayari anapima mahindi yake maabara na kukausha vizuri alivuka wiki ya kwanza. Aliyekuwa ananunua magunia mchanganyiko barabarani alibaki na lori lake. Kwa hiyo kama unauza nafaka, karanga, maziwa au parachichi, lipa gharama ya upimaji hata pale mpaka unapopitisha bila kuuliza. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu mazao yanayohusishwa na ukataji misitu, ambayo inagusa kahawa, imeahirishwa zaidi ya mara moja, na nimewasikia watu wakisema imekufa. Haijafa. Itakapoanza itataka kujua kahawa ilitoka shamba gani, kwa vipimo vya mahali. Chama cha ushirika kinachochukua alama za mashamba ya wanachama wake sasa kitakuwa kinauza wakati wengine wanatafuta simu za kupimia.

Na lipo jambo la kulipizana. Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, ikieleza kwamba nchi hizo nazo zilikuwa zimezuia mazao yake: Malawi kwa amri ya mwezi mmoja kabla, Afrika Kusini kwa ndizi zilizokuwa zimekataliwa kwa miaka. Siku chache baadaye zuio likaondolewa ili mazungumzo yaendelee. Kwa muuza maapulo, siku chache ni mzigo mzima. Angalia kwamba tangazo la namna hii hutolewa kwa mdomo wa waziri, na maofisa wa mpakani hutii kabla hata karatasi haijatoka. Kisheria unaweza kubisha. Kwa tunda linaloiva ndani ya lori, kubisha hakusaidii. Serikali mbili zikianza kurushiana maneno kuhusu mazao, punguza ukubwa wa shehena mara moja hadi utakapoona zimekaa mezani.

Usisahau pia kwamba nchi unayoiuzia inaweza kukuumiza bila kukugusa. Julai 2025 Kenya ilitangaza kuruhusu tani 500,000 za mchele ziingie bila ushuru, jambo lililopingwa mahakamani na upande wa wakulima. Mchele wa Mbeya au Kahama huingia Kenya bila ushuru kwa kuwa ni wa Jumuiya, na faida yake sokoni ni ile asilimia 35 anayolipa Mpakistani. Ushuru huo ukiondolewa kwa wengine, wewe hujapandishiwa chochote, ila umepoteza kinga yako.

Faida ya Jumuiya iko kwenye cheti

Bidhaa yako haipati nafuu kwa sababu umeitoa Arusha. Inapata kwa sababu una cheti cha uasili wa bidhaa kinachothibitisha ilizalishwa, au ilibadilishwa vya kutosha, ndani ya Jumuiya. Mchuuzi mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti chepesi kinachotolewa mpakani, na ni ajabu jinsi wengi Namanga, Mutukula na Rusumo bado wanavyopita njia za panya kwa kukiogopa. Njia ya panya ni ghali zaidi ukijumlisha hongo na hasara za usiku. Kongo nayo imejiunga na Jumuiya tangu 2022, lakini kuwa mwanachama na kuondoa ushuru mpakani ni mambo mawili. Ulizia kwanza bei ya kuingia Uvira au Goma kabla ya kumpa mteja wako bei yako.

Namba ya bidhaa yako ya forodha pia iwe mikononi mwako, isiwe siri ya wakala. Tofauti ya tarakimu mbili za mwisho inaweza kuwa tofauti ya ngazi nzima ya ushuru. Mfumo wa namba hizo hurekebishwa duniani kote kila baada ya miaka kadhaa. Toleo la mwisho lilianza Januari 2022, na linalofuata limepangwa kuanza Januari 2028. Bidhaa yako ikiwa na utata, omba uamuzi wa maandishi forodhani kabla ya kuagiza. Sheria ya forodha ya Jumuiya imeweka utaratibu huo, na ofisa atakayekuja na tafsiri yake mpya mwaka ujao atakuta karatasi yenye sahihi ya mkubwa wake.

Njia nayo ni sera

Bajeti ya Tanzania ya 2016/17 iliweka VAT ya asilimia 18 kwenye huduma zinazoambatana na mizigo ya kupita. Wenye mizigo wa Zambia na Kongo hawakuandamana. Walihamisha tu makontena kwenda bandari nyingine, na mwaka uliofuata kodi hiyo iliondolewa. Agosti 2019 Kenya iliamuru mizigo ya kwenda Nairobi isafirishwe kwa reli ya SGR na kutolewa huko. Mombasa wakaingia barabarani, amri ikasitishwa Oktoba, na Septemba 2022 rais mpya akaagiza utoaji wa mizigo urudi bandarini. Wakala aliyekodi ofisi Nairobi mwaka 2019 kwa mkataba wa miaka mitano ndiye aliyeumia mara mbili. Amri inayowaumiza wengi wenye sauti haidumu. Kodi ofisi kwa miezi kwanza.

Mkataba wako useme

Hapa ndipo pengo linapopata mwenyewe. Karatasi nyingi za bei za kwetu husema "bei inaweza kubadilika bila taarifa", maneno ambayo mteja mkubwa atayapuuza na mahakama itayatazama kwa mashaka. Andika hivi, kwa lugha yako: "Bei hii imekokotolewa kwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Kiwango chochote kikibadilika kabla ya bidhaa kutamkwa forodhani, tofauti itabebwa na mnunuzi kwa kuthibitishwa na hati ya malipo ya forodha." Mnunuzi akikataa, mpe nusu kwa nusu. Akikataa na hiyo, basi ongeza bei, kwa sababu sasa unamuuzia na bima.

Kwa anayeuza nje, tazama masharti ya kukabidhi. Ukiuza kwa kukabidhi bandarini Mombasa au Dar es Salaam, ushuru wa nchi ya mnunuzi si wako. Ukiuza kwa kukabidhi mlangoni kwake huku ushuru umelipwa, ni wako wote. Marekani ilipoweka ushuru wa nyongeza wa asilimia 10 Aprili 2025 kwa bidhaa za nchi nyingi, zikiwemo za kwetu, wauzaji wa aina hizi mbili walipata habari ileile kwa uzito tofauti kabisa. Na hata wa aina ya kwanza ajiandae: mnunuzi aliyeongezewa ushuru atarudi kuomba punguzo. Amua kabla hajapiga simu utashuka hadi wapi. Wale wa nguo waliojenga viwanda vyao juu ya AGOA, mpango wa Marekani wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, walikuwa na tarehe iliyoandikwa kwenye sheria, 30 Septemba 2025, wakiijua kwa miaka kumi. Mkataba wa ajira, mkopo wa mashine na kodi ya jengo visivuke tarehe ya namna hiyo bila mpango wa pili.

Malipo ya awali nayo yawe madogo kadiri muuzaji atakavyokubali, na kwa mafungu: sehemu kwa kuagiza, sehemu kwa kuonyeshwa hati ya shehena. Fedha ambayo haijatoka mfukoni ndiyo pekee isiyodhurika na amri.

Ukikadiriwa isivyo haki

Kipindi cha mabadiliko ndicho kipindi cha makosa ya forodha. Ofisa hutumia kiwango kipya kwa mzigo uliotamkwa kabla, au hajui kwamba nchi imepewa nafuu. Lipa ikibidi ili kontena litoke, lakini andika palepale kwamba unalipa huku ukipinga. Sheria ya forodha ya Jumuiya inakupa siku 30 tangu uamuzi kuomba kwa maandishi kamishna aupitie upya. Naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu ndani ya muda huo, sheria inahesabu kwamba amekubali ombi lako. Akikukatalia, una siku 45 kwenda kwenye baraza la rufaa za kodi. Ushuru uliolipwa kwa makosa unaweza kudaiwa urejeshwe ndani ya miezi 12. Na kumbuka upande wa pili wa haki hiyo: forodha nao wanaweza kukudai ushuru uliolipwa pungufu kwa miaka mitano, kwa hiyo faili la kila shehena litunzwe miaka mitano, likiwa na nakala ya ukurasa wa Gazeti uliokuwa unatumika siku ile.

Vikwazo ambavyo si ushuru, kama kituo cha upimaji kilichozuka njiani au kibali kipya kisicho na sheria, viripoti kwenye mfumo wa pamoja wa COMESA, EAC na SADC. Hautafungua geti leo, lakini malalamiko yaliyosajiliwa hupelekwa kwenye kamati za nchi zinazohusika, na yanabaki na namba. Malalamiko ya kwenye kundi la WhatsApp hayana namba.

Jambo la kufanya wiki hii ni moja: chukua shehena yako ya mwisho, andika namba yake ya forodha, kiwango ulicholipa, na kama kiwango hicho kina tarehe ya mwisho. Ukishindwa kujaza hata moja kati ya hayo matatu, mpigie wakala wako kabla hujaagiza nyingine.